Operesheni wameikubali, vipimo vyake wamevikataa

Ndugu Mhariri,

Assalam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu hizi kadi za bima ya afya, na kama ni refu unisamehe, nimelipunguza mara mbili na kila nikilipunguza linazidi kutoeleweka.

Mimi ni mtunza stoo kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, nyumbani Fuoni. Kazi yangu kupokea mchele, mafuta, kreti za soda na maboksi ya maji, kuhesabu na kupanga, na vijana wa kushusha mzigo wakichelewa, na huchelewa kila siku, nabeba mwenyewe. Miaka 11 sasa. Mwaka juzi nikaanza kuona kitu kinatokeza kinenani upande wa kulia, nikilala kinarudi, nikikohoa kinatoka, nikakaa nacho kimya zaidi ya mwaka maana ngiri kwa sie wanaume wa huku husemwa kwa mafumbo, ukiitaja barazani watu wanaanza kucheka hujamaliza. Mke wangu ndo aliyenishtukia, kaniona nafunga kikoi huku nimeegemea ukuta. "Baba watoto, hiyo kadi ya bima unaiweka ya nini, pambo?"

Kweli kadi ninayo. Mwajiri katukatia bima ya kampuni binafsi, mwaka wa tatu huu, kila mwezi mshahara unakuja umeshapungua 38,000 na yeye anaongeza yake. Nasema mapema ili watu wasichanganye, sizungumzii Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioanzishwa kwa sheria ya 2023, huo una watu wake wa kuusemea, mie nasemea hizi kadi za kampuni binafsi. Na jina la kampuni silitaji wala la hospitali, shida yangu si jina.

Basi nikenda hospitali moja ya binafsi hapo mjini. Daktari wa mwanzo kanibonyeza, kanambia kohoa, nikakohoa, akasema hii ngiri mzee wangu, muone mpasuaji. Mpasuaji anakuja Jumanne na Jumamosi tu. Jumamosi nikamuona, dakika saba hazijafika, kaandika operesheni ya kuweka wavu wa kushikilia pale panapotokeza, akapeleka ombi bima. Siku ya nne ikaingia meseji kwenye simu, ombi lako la operesheni limekubaliwa, na namba ndefu chini yake. Wallahi nilifurahi, niliionesha hata msikitini baada ya Isha.

Kumbe hapo ndo kwanza naingia.

Operesheni haifanywi mtu katoka kitandani kwake kaja kalala akapasuliwa. Lazima damu ijulikane grupu yake na wingi wake, sukari, figo, kile kipimo cha umeme wa moyo cha kubandikwa vibandiko kifuani, na ultrasaundi ya hiyo ngiri yenyewe. Nikashuka kaunta na karatasi. Pale unaweka kidole kwenye kijimashine, sistimu ikutambue. Vidole vyangu vimepasuka kwa kreti, haikusoma. Yule binti wa kaunta kanipa pamba ya spiriti nikafuta, haikusoma, akanambia jaribu gumba, jaribu la kushoto, nyuma yangu watu wameshaanza kuguna, mwisho akachukua mafuta kidogo kwenye mkoba wake mwenyewe akanipaka kidole kama mtoto anayepelekwa skuli, ikasoma. Kisha akaitazama skrini, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini:

"Samahani baba'ngu, autipeshenti yako imebaki elfu 64."

Nikamwambia mwanangu mbona operesheni imekubaliwa, hii hapa meseji. Akasema operesheni ipo, ila hivi ni vipimo.

Hapo ndo nikajua kuwa kadi ile ina mifuko miwili, na miaka mitatu hakuna aliyenambia. Kuna mfuko wa kulazwa, huo mkubwa, wa kwetu milioni 8. Na kuna mfuko wa autipeshenti, yaani chochote kinachofanywa hujapewa kitanda, huo laki 6 kwa mwaka na si zangu peke yangu, za nyumba nzima watu watano. Jino la mke wangu limo humo, kifua cha mtoto mdogo kimo humo, na kule kubonyezwa kwangu na daktari wa mwanzo na dakika saba za mpasuaji zimo humo pia. Kwa hivyo ngiri moja, mtu mmoja, hospitali moja, lakini kila nilichofanyiwa kabla ya kuvua nguo kinakatwa kwenye kijimfuko kile ambacho mafua yameshakimaliza.

Zilizobaki nikalipa kwa pesa zangu mwenyewe. Sikusema kitu, nikasema ndo dunia.

Jumanne nikarudi na majibu kwa mpasuaji. Hapo tena mvutano mwengine, bima inasema kurudi kwa daktari yule yule ndani ya siku 14 ni muendelezo wa ziara ya mwanzo haulipiwi upya, hospitali inasema mpasuaji ni wa kualikwa na kila akikuona anadai chake. Wote wana mkataba, wote wana karatasi. Anayetoa 30,000 ni mimi. Nikatoa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mpasuaji kanipeleka kwa dokta wa usingizi, mtu mpole, wa makamo, akaweka kile kifaa chake kifuani, akakihamisha, akakihamisha tena, akanambia nisipumue. Akaniuliza nikipanda ngazi nachoka? Nikamwambia dokta mie nabeba kreti nani asiyechoka. Akasema sikuulizi kreti nakuuliza ngazi. Nikamwambia kweli, mwaka huu pumzi inakata, ghorofa moja tu nasimama. Presha akapima mara mbili, 168 kwa 100. Kisha akaniambia maneno haya na nayaandika kama yalivyo, "Nasikia mlio kwenye moyo wako ambao sitaki kuukisia. Sikutii sindano mpaka nione eko."

Eko ndo ile ultrasaundi ya moyo, unaona milango ya moyo inavyofunga na kufungua. Akanifahamisha vizuri, kuwa dawa ya usingizi na hata ile sindano ya mgongo inashusha presha ghafla, na mtu ambaye mlango wa moyo wake umebana anaweza asirudi. Kwa hivyo yeye anataka ajue kabla, si baada.

Bei 150,000. Hospitali ikaomba bima. Jibu lilikuja siku ya pili tu, kukataa hawachelewi. Eko haihusiani na ngiri. Ni kipimo cha moyo na presha, na presha ni maradhi ya kudumu ambayo mwanachama hakuyatangaza alipojiunga.

Jamani, ningelitangazaje nisilolijua? Nimejua nina presha siku ile, mbele ya yule dokta, na kilichonipeleka kwake ni operesheni waliyoikubali wao.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Muziki dakika 20, mpaka nikaujua. Akapokea kijana mwenye heshima zake, Dar, tukazungumza hivi:

"Mzee wangu, kipimo hicho hakimo kwenye operesheni ya ngiri."

"Lakini dokta kasema bila hicho hanilazi."

"Hilo ni suala la hospitali mzee."

"Hospitali wanasema ni suala lenu."

"Sisi tumeshakupa kibali cha operesheni mzee, kafanye."

"Nikafanyie wapi, chumbani kwangu?"

Akacheka, nami nikacheka, simu ikakata kwa salio.

Wiki tatu nilikuwa kama kete za bao, nasombwa shimo hili natiwa shimo lile. Hospitali wanaandika barua ya kuhalalisha, bima wanasema muhuri haupo, muhuri ukatiwa wanasema asaini mpasuaji si dokta wa usingizi, mpasuaji anasema mie sikuomba eko kwa nini nisaini. Kila kwenda mjini naomba ruhusa, kila ruhusa siku yangu inakatwa.

Sasa niwe mkweli, upande wa bima pia wana la kusema. Mtoto wa dada yangu anasoma udaktari, usiku mmoja nimemweka chini anieleze, akanambia ami kuna hospitali zinaandika vipimo kama zinaandika orodha ya harusi, kwa sababu mgonjwa ana kadi na mlipaji hayupo pale. Kijana mzima wa miaka 25 anakatwa kijipu, anaandikiwa eksirei ya kifua, vipimo vya damu aina nane. Huko Uingereza taasisi yao ya miongozo ya tiba inayoitwa NICE ilitoa mwongozo 2016, kwamba mtu mzima wa afya anayefanyiwa operesheni ndogo asirundikiwe vipimo vya kawaida, na hiyo eko hasa isifanywe kwa kila mtu. Nikashtuka, nikajua nimekwisha, bima wako sahihi. Akasema ami ngoja umalizie. Mwongozo huo huo unasema eko ifikiriwe kwa mwenye mlio wa moyo pamoja na dalili, kama kukatika pumzi, kuzimia au maumivu ya kifua, na iamuliwe pamoja na dokta wa usingizi baada ya kipimo cha umeme wa moyo. Mlio ninao, pumzi inakata, umeme wa moyo nilishapima, na aliyeiomba ndiye dokta wa usingizi mwenyewe. Sasa kama hapo haistahiki, itastahiki kwa nani?

Aliyekataa hajawahi kuniona. Naamini hata maelezo ya mlio hakuyasoma, kaona neno ngiri kaona neno eko, kayaweka mbali mbali.

Binamu yangu aliyeko London ananiambia hata kwao bima za binafsi hali ni hiyo hiyo, sehemu ya autipeshenti mara nyingi ni nyongeza unayoilipia mbali, usipoichukua au ukichukua ya kiwango kidogo unakuta operesheni inalipwa na kumuona bingwa kabla yake unajilipia. Ila angalau anasema alipokata bima aliulizwa unaitaka au huitaki. Kuna anayeulizwa huku? Na India, ambako wangapi wetu tunawapandisha ndege wagonjwa wetu kwenda kutibiwa, bima zao nyingi zinalipa gharama za siku 30 kabla ya kulazwa na 60 baada ya kutoka, muhimu ziwe za maradhi yale yale yaliyokulaza na kulazwa kwenyewe kuwe kumekubaliwa. Yaani wameshakubali kuwa operesheni ina mkia mbele na mkia nyuma. Kwetu operesheni inaanzia kwenye gauni la kijani.

Shemegi yangu ananiambia wewe unajisumbua, si ungekwenda Mnazi Mmoja, hospitali ya serikali. Ni kweli, tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 sera ya nchi hii ni matibabu bure na watoto wangu wote wamezaliwa hospitali za serikali, sina dharau hata kidogo. Lakini hiyo 38,000 ya kila mwezi je? Mtu ukanunua boflo ukapewa ganda, jawabu si kuambiwa kale muhogo nyumbani.

Tuendelee. Wakati tunavutana, kibali cha operesheni kikafa. Ndio, kina umri, siku 30. Binti wa kaunta ndo kanambia, nae kwa masikitiko, akasema tuombe upya baba. Tukaomba upya, kikaja, lakini sasa vipimo vya damu hospitali wanasema vimeshapita mwezi virudiwe. Nirudie kwa mfuko upi? Mke wangu akatoa pesa za upatu, zamu yake ilikuwa imeingia na alikuwa kaziweka za friji. Vipimo vikarudiwa, eko tukalipa wenyewe keshi. Friji mpaka leo hatuna, maji ya baridi tunapewa na jirani.

Eko ikaonesha mlango mmoja wa moyo unavuja kidogo, haujabana. Dokta wa usingizi akasema sasa najua nashughulika na nini, akanipa dawa ya presha wiki tatu, akanifanyia kwa sindano ya mgongo, taratibu. Nikalala usiku mmoja nikatoka. Na hapa ndo kichekesho chenyewe Mhariri. Bili ya operesheni ile, chumba, wavu, mpasuaji, dawa, ilifika milioni 1 na laki 9, bima ikalipa yote bila kuuliza swali moja. Milioni 1 na laki 9 hawakuguna. Laki na nusu ya kuhakikisha yule wanayemlipia hafi mezani, hiyo waliiandikia barua tatu.

Nimeomba nirudishiwe, nimepeleka risiti halisi, fomu ya dokta, majibu ya eko. Jibu limekuja baada ya miezi miwili, mistari miwili kwa Kiingereza, kanisomea mwanangu wa kidato cha tatu, haihusiki kitabibu, mwisho wa habari. Kifungu gani hawakutaja. Nikamuomba ofisa utumishi wetu mkataba wa bima niusome, akasema uko Dar makao makuu, baadae akanitumia kwenye simu, kurasa 41, zote Kiingereza. Mtoto wa dada yangu kanipitishia. Tumekuta pameandikwa kuwa mfuko wa kulazwa unagharamia matibabu yote ya lazima yanayohusiana na kulazwa huko. Sasa mie naomba wanaojua sheria wanisaidie kupitia gazeti hili, kipimo ambacho dokta kasema bila hicho halazi mtu, kinakuwaje hakihusiani na kulazwa?

Ninachotaka si kikubwa. Ombi la operesheni likipelekwa, lipelekwe na kila kitu chake kwa namba moja, mpasuaji, dokta wa usingizi na vipimo vyao, na operesheni ikifanyika vikatwe kwenye mfuko mkubwa. Wakikataa wakatae kwa maandishi, kwa Kiswahili, wataje kifungu, na asaini daktari aliyeyasoma majibu, si sistimu. Na siku wanapotugawia hizi kadi kwa picha na makofi, mtu mmoja asimame dakika tano aseme mifuko ni miwili na huu mdogo una kiasi gani. Mgeni anayeshuka uwanja wetu wa ndege tangu Oktoba 1, 2024 lazima awe kalipa bima ya dola 44, tunamuuliza hata kwenye mapokezi kama kaikata, lakini mimi ninayemtolea mchele stoo nilikuwa sijui kadi yangu inalipa nini.

Kuna ndugu kanambia TIRA, mamlaka ya bima, wana ofisi hapa Zanzibar na wanapokea malalamiko, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa sheria ya bima ya 2009, ila kwanza uwe umeshalalamika kwa kampuni yenyewe na una jibu lao mkononi. Jibu ninalo, ile mistari miwili. Nawaambia na wengine, msikubali kujibiwa kwa simu, ombeni karatasi, mie wiki tatu za mwanzo zilipotea kwa sababu nilikuwa nasikiliza tu.

Juzi ofisa utumishi kaja stoo na fomu za mwaka mwengine, kila mmoja atie saini kuwa amesoma na ameyaelewa masharti. Nikamuuliza yako wapi, akasema tia tu mzee wangu, wenzako wote nshawapata umebaki wewe. Nimemwambia aniachie. Ipo chini ya mizani ya mchele, naiona kila nikipima, bado sijaisaini.

Jina kapuni,
Fuoni, Unguja.